Chujio la Nyumba Moja

Maji yenye floraidi hayamtahadharishi mtu. Hayana rangi, hayanuki, na ulimi hauyatambui. Kisima kirefu cha tambarare huyatoa yakiwa maangavu kuliko maji ya mfongo unaoshuka kutoka Kibosho baada ya mvua kubwa, na mgeni akiwekewa glasi mbili mezani atachukua ya kisima bila kusita. Ukiyachemsha, kama tulivyofundishwa sote shule ya msingi, huyasaidii: mvuke unaondoka, floraidi inabaki, na yaliyosalia sufuriani yamekolea zaidi kuliko yalivyokuwa. Usipokuwa na maabara, utasubiri mdomo wa mtoto ukuambie. Atakuambia akiwa na miaka sita, saba, minane, meno ya ukubwani yanapochomoza yakiwa na mabaka meupe kama chaki au ya kahawia. Wakati huo jino limeshaumbwa ndani ya taya. Hakuna mswaki wa kuifikia miaka ambayo lilikuwa linajengwa.

Kwetu hii si habari mpya. Mtu wa Arusha, wa Hai au wa Siha akifika Dar es Salaam na kucheka, huambiwa anakotoka kabla hajajitambulisha. Utani wenyewe naweza kuuvumilia. Ninachoshindwa kukivumilia ni mtoto kusimamishwa mstarini asubuhi na kuambiwa akapige mswaki, wakati amesugua mpaka fizi zinatoka damu, kwa dawa, kwa mkaa, kwa mchanga. Anabebeshwa uchafu ambao si wake. Jiwe lilifanya kazi yake chini ya ardhi kwa karne nyingi, na lawama zikamwangukia mwenye miaka tisa.

Dada yangu ana mtoto wa miaka miwili. Yeye na shemeji walijenga tambarare ya Hai, chini ya barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha, kwa sababu ambayo kila kijana wa mlimani anaijua: kihamba cha ukoo kimegawanywa mpaka kimebaki upana wa migomba michache, na kiwanja kinachonunulika kipo chini. Huko chini hakuna chemchemi. Maji ya kijiji ni ya kisima cha kuchimba. Walipeleka chupa maabara, majibu yakarudi: miligramu 5 za floraidi kwa kila lita. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Basi wakaamua kuweka chujio, nami kwa kuwa mwaka huu nina muda kuliko fedha, nikawa msaidizi.

Tulianzia mjini. Muuzaji wa duka moja alituonyesha mtungi mrefu wa bluu wenye kichwa chenye saa na vitufe, akasema ni wa kulainisha maji, wa kisasa, unawekewa chumvi mara moja kwa mwezi na kila kitu kinatoka. Si kweli kwamba kila kitu kinatoka. Mtambo wa namna hiyo hukamata kalisi na magnesi, yale yanayoacha ukoko kwenye birika na kuzuia sabuni isitoe povu, na mahali pake huachia sodiamu. Floraidi unaipita kama haioni. Tena maji yenye floraidi nyingi katika miamba yetu ya volkano mara nyingi ni laini tangu mwanzo. Yana kalisi kidogo, na ndiyo maana floraidi imebaki ndani yake, kwani kalisi ingekuwepo ya kutosha ingeishika na kuigandisha. Kumuuzia mtu wa Hai kilainisha maji ni kama kumuuzia mvuvi mwavuli wa kukingia samaki. (Sikumwambia hivyo. Nilisema ahsante, tutarudi.) Kuna mitambo ya kusukuma maji kwenye utando mwembamba, na hiyo floraidi inaitoa kweli, lakini inahitaji umeme na presha ya kutosha, na kwa kila lita inayokupa inamwaga nyingine iliyokolea, wakati mwingine mbili au tatu. Mahali ambapo mtu anabeba dumu kichwani, huo ni ubadhirifu ambao hata kuutamka kunaona haya.

Tulichochagua ni kitu cha zamani zaidi, mkaa wa mifupa. Kituo cha Ngurdoto, karibu na Usa River, ambacho Wizara ya Maji imekitumia kwa utafiti wa kuondoa floraidi, kimefanya kazi na mkaa huu kwa miaka mingi. Kenya, Dayosisi Katoliki ya Nakuru imeutengeneza kwa ajili ya watu wa Bonde la Ufa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, kwenye joto la nyuzi mia nne hadi mia tano hivi. Moto ukiwa mdogo mno, mfupa unabaki wa kahawia na maji yatanuka nyama iliyooza. Ukizidi, unakuwa mweupe kama chokaa na nguvu yake inakufa. Mzuri ni mweusi wenye kijivu. Husagwa, huchekechwa, kisha nyumbani kazi inaanza: kuosha. Tuliosha ndoo kwa ndoo, maji yakitoka meusi kama wino, kisha kijivu, kisha kama maji ya mchele, kisha yakatakata. Chini ya pipa tukapanga changarawe, juu yake mkaa, tukafunga koki ili maji yapite polepole na mkaa ubaki umezama muda wote. Maji ya kwanza yanamwagwa. Shemeji alimwagia mbogamboga, nami nikapenda kuona kwamba hata hayo yana pa kwenda.

Wakati wa kuosha ndipo jirani wa upande wa mashariki alipochungulia kwenye ua wa michongoma na kuuliza, "Hiyo ni mifupa ya nini?"

Yeye ni Mwislamu, dada yangu ni Mlutheri, na kwa nyumba zilivyopangana kule chini hakuna jambo la kawaida kuliko hilo. Lakini swali lake lilikuwa zito kuliko lilivyosikika. Mkoa wetu una mabucha ya ng'ombe na una vibanda vya kitimoto, na mfupa ukishachomwa na kusagwa hauna sura. Waislamu wengi wa ukanda huu hufuata madhehebu ya Shafii, na kwao haitoshi kumwambia mtu kwamba moto umeshabadilisha kila kitu. Dada yangu alimjibu kwamba ni ng'ombe, na akamwambia ulikotoka mkaa, ili asiitegemee kauli yake peke yake. Jirani akaridhika. Nikabaki nikiwaza: je, asingeuliza? Maji yaliyopita kwenye mfupa hayaonyeshi mfupa. Ungeweza kumkaribisha mtu glasi ya maji miaka kumi bila yeye kujua, na ungeweza kujitetea kwamba ni safi na yana faida kwake. Nadhani huko kungekuwa kumwibia. Mtu ana haki ya kuamua kipi kinaingia mwilini mwake kwa sababu zake mwenyewe, hata pale ambapo sababu zako wewe zimethibitishwa maabara. Wapo pia Wahindi wa Moshi wasiogusa nyama kwa vizazi. Nao wangekuwa na swali lao. Anayeandaa chujio anaandaa pia jibu la swali hilo, na vizuri alitoe kabla hajaulizwa.

Baada ya swali la mifupa, jirani aliuliza la pili: "Na mimi nitapata ndoo ya mtoto?" Tangu siku hiyo hilo ndilo linalonisumbua.

Mlimani tulikokulia, kumnyima mtu maji hakukuwa kosa tu, kulikuwa jambo lisilofikirika. Mifongo ilichimbwa na koo, ikapita kwenye miteremko na kuvuka makorongo, na ilikuwa na wenyewe, na zamu, na faini, na mbege ya kulipia kazi ya kusafisha. Wachagga hawakuwa malaika wa ujamaa. Waligombana kwa ajili ya maji mpaka kwa mangi. Ila ugomvi ulikuwa wa kumwagilia. Maji ya kunywa hayakuwa kwenye hesabu. Aliyekuja na kibuyu alichota, na aliyechota hakuyapunguza maji ya aliye chini yake kwa kiasi cha kuonekana. Ukarimu ule ulikuwa wa kweli, sikatai, lakini ulibebwa na mlima uliokuwa ukijaza mfereji usiku kucha. Mtu hakuwa na haja ya kuchagua kati ya mtoto wake na mtoto wa mwenzake.

Chujio la mkaa wa mifupa linakulazimisha kuchagua, na hesabu yake ni rahisi mno kuikwepa. Tuseme kilo moja ya mkaa inaweza kushika gramu moja na nusu ya floraidi kabla ya kuchoka. Kilo kumi zitashika gramu 15. Kisima kina miligramu 5 kwa lita, unataka ibaki moja, kwa hiyo kila lita inauachia mkaa miligramu 4. Gawanya: lita 3,750. Ndoo ya lita 20, ni ndoo 187. Nyumba moja ikitumia ndoo moja kwa siku kwa kunywa na kupikia, chujio lina umri wa miezi sita. Ukimpa jirani mmoja ndoo moja kila siku, mitatu. Ukiwapa watatu, mwezi na nusu. Na mkaa unapochoka hausemi. Maji yanaendelea kutoka, maangavu vilevile, matamu vilevile, na floraidi inapita kama kwamba pipa ni bomba tupu. Chujio lililochoka ni baya kuliko kutokuwa na chujio, kwa sababu limempa mama usingizi.

Mwanafalsafa Peter Singer aliandika mwaka 1972 kwamba ukipita karibu na kidimbwi ukaona mtoto anazama, utaingia hata kama nguo zitachafuka, na kwamba umbali haubadilishi wajibu huo: mtoto wa Bengali anayekufa njaa ana dai lilelile. Tulisoma hoja hiyo chuo kikuu na tukaijadili kama watu wanaojadili wengine. Inachukulia kwamba msomaji anakaa mbali na kidimbwi na kazi ngumu ni kumfanya aone. Kwa dada yangu kuona si tatizo. Kidimbwi kiko ng'ambo ya michongoma, na mtoto hazami mara moja ili umwokoe na uende zako ukiwa umelowa, anazama kidogokidogo kila siku, lita mbili lita mbili, kwa miaka minane, na kesho asubuhi atakuja tena na dumu, na mama yake atasema "hodi." Wajibu wa siku moja ni rahisi kuupenda. Sijasoma mwanafalsafa aliyeandika vizuri kuhusu wajibu unaorudi kila asubuhi na ndoo.

Unaweza kusema: hili si la dada yako hata kidogo, ni la serikali. Nakubali kwa sehemu kubwa, na historia inanipa sababu. Mwaka 1923 daktari wa meno Frederick McKay, ambaye tangu 1901 alikuwa akihangaika na meno ya kahawia ya watu wa Colorado Springs, alikwenda mji mdogo wa Oakley, jimbo la Idaho. Wazazi walimweleza kwamba mabaka yalianza baada ya mji kujenga bomba kutoka chemchemi ya maji ya uvuguvugu. Alikuwa bado hajui ni kitu gani kilichomo. Floraidi ilitambuliwa mwaka 1931 na mkemia wa kampuni ya alumini. Lakini alishauri waliache bomba lile na watumie chemchemi nyingine, mji ukakubali, na baada ya miaka michache watoto wadogo wakaota meno safi. Hakuna aliyenunua chujio. Mji mzima ulihamisha bomba kwa ushahidi wa macho ya wazazi. Hai nayo imewahi kufanya jambo la ukoo huo: miradi ya maji ya mserereko, kwa msaada wa Ujerumani, ilishusha maji ya chemchemi za mlimani hadi Boma Ng'ombe na vijiji vya tambarare. Pale bomba lilipofika, chujio halina kazi. Kijiji cha dada yangu bomba halijafika.

Sehemu nisiyokubali ni ile inayofanya serikali iwe kitu kisichojikuta kwenye swali lilelile. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka ishirini wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400 kutoka kwake. Mwaka 1974 vikatoka viwango vya muda vya ubora wa maji, na floraidi ikaruhusiwa hadi miligramu 8 kwa lita vijijini. Nane. Baadaye ikawa 4, na leo ni 1.5 kama ilivyo duniani. Jino halikubadilika kati ya nane na moja na nusu. Walioandika nane hawakuwa wajinga wala wakatili. Walikuwa na ramani ya visima, na walijua wakiandika 1.5 wangelazimika kuvifunga vingi, na wanawake wangerudi kutembea saa tatu kwenda mtoni kuchota maji yenye kipindupindu. Walichagua maji ya karibu kwa wengi yenye doa, badala ya maji safi kwa wachache. Huenda nami ningeandika nane. Kinachonikera ni kwamba namba ile iliitwa kiwango, na neno hilo lilificha kwamba palikuwa na uchaguzi na palikuwa na waliolipa. Waliolipa leo wana miaka hamsini na kitu, na bado wanaziba mdomo kwa kiganja wanapocheka.

Kwa hiyo ndoo ya jirani na ramani ya wizara ni swali moja kwa ukubwa tofauti: una uwezo mdogo wa kusafisha, utausambaza vipi? Dada yangu alilijibu kwa namna ambayo mimi nisingeifikia, kwa sababu mimi nilikuwa nahesabu nyumba na yeye akahesabu meno. Alisema floraidi inaharibu jino linapoumbwa. Meno ya mbele na mengi ya nyuma yameshaumbwa mtoto anapofikisha miaka minane hivi. Baada ya hapo doa jipya haliji. Sasa kwa nini yeye, mwenye miaka thelathini na mmoja, anywe maji ya chujio? Mtoto mdogo kwa kunywa na uji anahitaji lita mbili kwa siku, hata kidogo zaidi. Ndoo ileile iliyokuwa ya nyumba moja inatosha watoto kumi. Anayenyonya hahitaji hata hiyo, kwani maziwa ya mama hubeba floraidi kidogo sana hata mama akinywa maji ya kisima.

Basi mpaka wa chujio ukahama kutoka kwenye michongoma hadi kwenye umri. Watoto wa chini ya miaka minane wa nyumba nne zinazozunguka, saba kwa jumla, wanapata chupa yao ya lita mbili kila siku, pamoja na wa kwake. Watu wazima wote, yeye na shemeji wakiwemo, wanakunywa kisima. Majirani wanachangia mkaa wa kubadilisha. Kuna daftari lililofungwa kwa uzi kwenye koki, kila ndoo inayomiminwa juu inaandikwa namba, na ikifika 150 chupa inapelekwa maabara bila kusubiri 187.

Nilipomsikia nilifurahi kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Kisha nikaona bei yake. Miligramu 5 si kitu cha watu wazima kudharau: Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya miligramu 3 na 6 kwa lita, kwa miaka mingi, mifupa yenyewe inaweza kuanza kuathirika, na juu ya 10 watu huweza kupinda na kulemaa. Hapa tuko kwenye eneo la katikati, ambako hakuna anayeweza kumwambia dada yangu kwa uhakika kwamba magoti yake ya miaka sitini yatakuwa salama. Anachogawa ni afya yake kidogo. Na si yake peke yake: mama mkwe wake anaishi nao, ana miaka sabini na kitu, na alishaanza kunywa maji yale. Nilimwamkia siku moja, "Shikamoo bibi," akaitika, nikamuuliza kama anaona sawa kunywa kisima huku chujio liko hatua tano kutoka kitini pake. Alicheka, na meno yake machache ni ya kahawia kama chai ya rangi. Akasema, "Mjukuu wangu, haya yameshapakwa. Wapake nini tena?"

Lilikuwa jibu zuri, na sina hakika kama lilikuwa jibu. Wazee wetu wana desturi ya kujitoa kwa mzaha, kiasi kwamba huwezi kujua kama wameridhia au wamezoea tu kuwa wa mwisho. Ukimuuliza mtu ambaye maisha yake yote amekula baada ya watoto kama anataka kula kwanza, utapata jibu unalolijua. Je, ridhaa ya namna hiyo inahesabika? Nimeona dada yangu anamtilia chai ya asubuhi kwa maji ya chupa ya mtoto, kimya kimya, siku ambazo mtoto hakumaliza. Haandiki hilo kwenye daftari.

Halafu kuna magadi, ambayo yalikaribia kuharibu kila kitu. Bibi zetu walikuwa na kilainisha maji chao kabla ya mitungi ya bluu kuingia mjini: kipande cha magadi kwenye sufuria ya maharage au makande, na kilichokuwa kigumu kinalainika kabla kuni hazijaisha. Ni kemia ile ile ya sodiamu na kalisi, tena bila umeme. Tatizo ni kwamba magadi yenyewe huweza kubeba floraidi nyingi. Wataalamu wa meno waliochunguza watoto wa mkoa wetu miaka ya 1990 waliwakuta wa Kibosho, juu mlimani ambako maji yana floraidi kidogo, wakiwa na meno yenye mabaka mabaya, na magadi yakawa miongoni mwa vitu vilivyoshukiwa. Sasa jirani mmoja kati ya wale wanne hupikia magadi kila siku, na mtoto wake anakula makande yale kisha anashushia na maji yetu yaliyochujwa kwa mkaa unaohesabiwa ndoo kwa ndoo.

Je, anayetoa maji ana haki ya kuingia jikoni kwa mwenzake? Silipendi jibu la ndiyo. Nimeona misaada mingi iliyoanza na ndoo ikaishia kuwafundisha watu namna ya kupika, kuzaa na kusali. Lakini kukaa kimya nako ni ule wizi wa mfupa kwa sura nyingine: mimi ninajua kitu kuhusu mwili wa mtoto wako ambacho wewe hukijui. Dada yangu alimwambia mara moja, wakichambua mchicha, na hakurudia. Alimwambia pia kwamba maharage yakilowekwa usiku yanaiva vizuri bila magadi, jambo ambalo yule mama, aliyempita miaka kumi na tano, alilipokea kwa adabu ya mtu anayefundishwa kuchemsha maji. Kama ameacha au hajaacha, hatujui. Chupa yake inajazwa kama za wengine. Hapo dada yangu hakutaka mjadala, nami naona alikuwa sahihi: ukianza kumpa maji anayestahili tu, utakuwa umeshaacha kugawa maji na kuanza kugawa vyeti vya tabia njema.

Rafiki yangu anayesoma uhandisi Arusha ananikumbusha kila mara kwamba kuna njia nyingine. Chuo cha Nelson Mandela kimemtoa Askwar Hilonga, ambaye chujio lake la mchanga na vitu vidogo vya kinano lilishinda mwaka 2015 tuzo ya uhandisi kwa Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, na vipo vituo vinavyouza maji yaliyochujwa kwa ndoo. Ananiambia kituo kimoja kijijini kingemaliza daftari, zamu na maswali yangu yote. Huenda. Ningekipokea kesho. Ila ninaona kwamba kituo kinachouza kingeamua nani anywe kwa kuangalia mwenye shilingi, na hilo nalo ni jibu la swali lilelile, tofauti ni kwamba hakuna anayelazimika kulisema kwa mdomo wake akiwa ameshika koki.

Mwezi uliopita mtoto mmoja kati ya wale saba alitimiza miaka minane. Ni wa jirani wa mashariki, yule wa swali la mifupa. Kanuni ilikuwa wazi na wote walikuwa wameikubali, na kuna mtoto mchanga nyumba ya nne anayekaribia kuachishwa ziwa. Mama yake alikuja na chupa jioni kama kawaida. Hakuomba. Alisema tu kwamba mtoto bado ana pengo upande wa juu, jino halijatoka, na kwamba hajui kama lililo ndani limemaliza au halijamaliza. Dada yangu naye hajui. Meno hayasomi kalenda, na magego ya mwisho huchelewa miaka mingi baada ya mengine. Alifungua koki, akasubiri, maji yanapita polepole kwenye mkaa, inachukua muda. Wakazungumza habari za mahindi. Chupa ilipojaa aliandika kwenye daftari, ndoo ya 112, jina la mtoto, na kwenye safu ya umri akaacha wazi.